Begi la kamera linakushinda mlimani? Sikiliza kwanza linalia wapi

Mara ya kwanza nilipopanga kulala juu ya vilima vya upande wa Kalinzi, hapa Kigoma, nipige picha za taa za wavuvi wa Ziwa Tanganyika, nilipita mwalo wa Kibirizi kuchukua dagaa wa njiani. Mama ninayenunua kwake ana mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye begi langu.

"Baba, unahama mji?"

Nikamwambia ni vifaa vya kazi, kesho mchana nitakuwa nimerudi. Hakuamini. Akanipokea begi, likamshinda, akaita kijana wa kupakua mizigo wakalitundika wawili. Mshale ulizunguka, ukasimama kwenye 26. Mimi mwenyewe nina kilo 64.

Nilipanda nalo hivyo hivyo kwa kuwa bodaboda nilishampa chake. Nilifika juu jua likiwa tayari linagusa milima ya Kongo, mikono inatetemeka, na picha ya kwanza iliyotulia niliipata jua limeshazama. Tangu siku hiyo begi nalishughulikia kama fundi anavyoshughulikia pikipiki: nasikiliza linalia wapi, natafuta chanzo, ndipo nashika spana. Wapiga picha wengi wa hapa Kigoma wakichoshwa na mzigo huanza kuulizia bei ya kamera ndogo. Mara nyingi kamera haina kosa.

"Begi zito, ila sijui uzito umeingilia wapi"

Chanzo ni kupakia kwa macho. Blanketi kubwa linaonekana zito, chupa ya maji inaonekana kitu cha kawaida, kumbe lita moja ya maji ni kilo nzima. Pima kimoja kimoja. Vitu vidogo vitapimika kwenye mizani ya jikoni. Begi zima lipeleke sokoni, au simama kwenye mizani ya zahanati ukiwa nalo kisha bila nalo, utoe hesabu. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Zangu 26 ziligawanyika hivi: vifaa vya picha kilo 9, maji 6, hema 3, jiko la gesi na sufuria na chakula 3, begi likiwa tupu 2, blanketi 2, nguo na vikorokoro 1. Yaani karibu theluthi mbili ya mzigo haikuwa kamera kabisa. Ningeuza kamera ninunue nyingine nyepesi, ningeokoa nusu kilo na kubaki na deni.

Kipimo ambacho watu wa milimani hukitumia kwa safari ya kulala nje ni begi lisizidi moja ya tano ya uzito wako. Kwangu hiyo ni kilo 13 hivi. Si sheria, lakini ukiipita kwa mbali miguu itakukumbusha.

"Mabega yanawaka moto baada ya nusu saa"

Kabla ya kutoa kitu, angalia mkanda wa kiuno. Vijana wengi hawaufungi, au wanaufunga tumboni kama mkanda wa suruali. Unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukazwe wa kwanza, ndipo mikanda ya mabega ivutwe baadaye. Jaribio ni jepesi: begi likiwa mgongoni, ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Vikiingia bila kusukumwa, nyonga ndizo zimebeba. Vikigoma, umeyatwika mabega kazi isiyo yao.

Kama begi lako halina mkanda wa kiuno, kama yale ya shule, hilo halina dawa ya kufunga vizuri. Lipunguze lifike kilo 8 au utafute jingine.

"Kwenye mpando linanivuta nyuma"

Hapa uzito unaweza kuwa sawa, ila umekaa pabaya. Mpiga picha anataka kamera iwe karibu na zipu, kwa hiyo anaiweka nje na juu kabisa, mbali na mgongo. Stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, anaifunga upande mmoja. Matokeo yake anatembea ameinama mbele na amepinda kushoto kama mti wa ufukweni.

Vizito vikae vimegusa mgongo, usawa wa katikati ya mabega. Blanketi na nguo chini, vyepesi nje. Stendi upande mmoja, chupa ya maji upande wa pili isawazishe. Kamera unayotaka kuitumia njiani itundike kifuani kwa mkanda wake, na kipande cha kamba kiishikilie kwenye mkanda wa kiuno isirukeruke. Hapo inasawazisha uzito wa mgongoni.

"Kila lenzi naona nitaihitaji"

Huu ndio ugonjwa wenyewe, na dawa yake haiko dukani. Chanzo ni kupanda mlima bila kujua unafuata picha gani. Mtu asiyejua anafuata nini hubeba kila kitu, halafu juu anashinda akibadilisha lenzi huku mwanga unaondoka.

Mimi sasa naandika picha tatu kwenye karatasi kabla ya kufungua kabati. Tatu tu. Halafu nauliza: ziwa na anga vya wiki hii vinaniruhusu?

Chukua mfano wa taa za dagaa. Ukiwa juu ya vilima usiku wa giza, Ziwa Tanganyika linaonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Lakini wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzika. Nyota nazo zinataka giza hilo hilo. Kwa hiyo ukipanda siku mwezi ni mpevu, lenzi ya nyota na lenzi ya taa zote ni mawe umebeba. Tena kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kupanga, pita mwaloni uulize kama watu wanatoka. Jibu la mvuvi mmoja linaweza kukupunguzia kilo nzima.

Mfano wa pili ni milima ya Kongo. Ziwa lina upana wa kilomita 50 hivi, na ng'ambo huonekana vizuri mvua zikishaosha hewa. Agosti na Septemba mapori yanachomwa, moshi na ukungu mkavu vinafunika kila kitu. Jua linazama jekundu kama kaa la moto, lakini milima huioni. Miezi hiyo lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali, ya nini? Iache nyumbani. Novemba, baada ya mvua ya kwanza, ibebe.

Na ukiibeba, si lazima iwe ile kubwa ya harusini. Canon EF 70-200 ya f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), toleo la pili lenye kituliza mtikisiko, ina gramu 1,490. Ndugu yake wa f/4 asiye na kituliza mtikisiko ana gramu 705. Kwenye ukumbi wenye giza, f/2.8 inakulipa. Mlimani, mchana, kamera iko kwenye stendi na umefunga tundu hadi f/8, picha zitakuwa mapacha, ila moja imekugharimu karibu gramu 800 za jasho. Kama huna ya f/4, wako wa kukuazima. Kigoma si kubwa, tunajuana.

Lenzi pana, ile inayomeza eneo kubwa, nayo unaweza kuiacha kwa picha za mchana: piga picha tano zilizosimama wima, zikiingiliana kwa theluthi, uziunganishe nyumbani. Kwa nyota siwezi kukushauri hivyo, labda kama una subira kuliko mimi. Ukienda kwa ajili ya nyota, beba hiyo pana uache ile ndefu, basi. Kwa taa za ziwani mimi natumia 50 mm ya f/1.8, ile ya plastiki yenye gramu 160 ambayo watu huidharau. Gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita upate sekunde ambazo nyota hazijaanza kuwa michirizi kwenye kamera yenye kihisi kikubwa (full-frame): kwa 50 ni sekunde 10, kwa 24 ni kama 20.

Flashi? Sijawahi kuitoa begini mlimani hata siku moja. Begi maalumu la kamera lenye sponji lilikuwa na kilo 1.4 tupu! Sasa kamera naifunga kwenye sweta ambalo usiku nitalivaa, lenzi ndogo ndani ya soksi nene, vyote ndani ya mfuko wa plastiki mgumu.

"Nilibeba stendi nyepesi, picha zinatikisika"

Watu wakipata tatizo hili wanarudia stendi ya kilo 2.7. Ngoja kwanza. Angalia kama umeinua nguzo ya katikati. Ishushe, hiyo ndiyo inayoyumba kama mnazi. Angalia miguu: ile myembamba ya chini kabisa itolewe mwisho, au isitolewe. Zima kituliza mtikisiko cha lenzi kamera ikiwa kwenye stendi. Weka kamera ijihesabie sekunde 2 kabla ya kupiga, ili kidole chako kisiwe na lawama.

Kama bado, ni upepo. Jioni upepo wa ziwani unapanda na kuvuma juu ya kilima. Hapo unahitaji uzito, lakini uzito upo pale pale umelala chini. Beba kiroba kitupu cha unga, kijaze mawe ukifika, kitundike kwenye ndoano chini ya stendi kikigusa ardhi kidogo kisibembee. Kilo tano za uthabiti ambazo hukuzipandisha wewe. Stendi yangu ya sasa ina kilo 1.3, na ikiwa na kiroba haipishani na ile kubwa.

"Betri hazitoshi, kwa hiyo nabeba sita"

Tafuta anayezinywa. Mara nyingi ni kioo cha nyuma kuwaka kila baada ya picha, wifi ya kamera iliyosahaulika, na kukagua picha moja mara kumi. Zima vyote. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hula zaidi, hizo ziongezee betri moja. Usiku zilale kwenye mfuko wa suruali uliyovaa, baridi huzishusha. Mbili zinanitosha usiku mzima. Chaja inabaki nyumbani.

"Maji peke yake ni kilo sita"

Kwenye maji watu hukosea njia zote mbili. Wengine wanabeba ziwa zima, wengine wanapanda na nusu lita wakitegemea kijito ambacho mwezi wa tisa kimebaki jina.

Swali la kwanza ni unaanzia wapi. Maji ya ziwa yako kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, vilima vya huko juu vinapita 1,500. Ukianzia ufukweni umejipa kupanda zaidi ya mita 700 na kunywa lita mbili kabla hujafika. Mimi napanda gari au bodaboda barabara ya Manyovu, napita Mwandiga na Mahembe, naanza kutembea kule kwenye migomba na kahawa, tayari niko juu. Maji yangu najaza kijiji cha mwisho, sijazi mjini. Hilo peke yake liliondoa lita tatu mgongoni.

Ofisi ya kijiji usiipite. Unaenda kwa mtendaji au mwenyekiti, unajitambulisha, unaonyesha kitambulisho, unaeleza unalala wapi na kwa nini. Burundi si mbali, na mtu asiyejulikana anayewasha tochi kilimani usiku wa manane ataamsha watu. Faida yake kwa begi ni kwamba hapo hapo utaambiwa chemchemi ipi haikauki, na utapata kijana anayeijua njia. Kubalianeni malipo kabla ya kuondoka, naye abebe kidumu cha lita tano. Usimbebeshe begi la kilo 26 ukadhani umetatua tatizo. Umelihamishia kwa mwenzako. Ukielekea upande wa Gombe, jua mpaka wa hifadhi uko wapi. Ukiuvuka uko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na huko hakuna kulala bila kibali.

Maji ya kijito yachuje kwa kitambaa safi, tia dawa ya klorini kama maelekezo yake yanavyosema, subiri nusu saa. Chupa ya dawa ni nyepesi, na kuhara kilimani si hadithi ya kusimulia.

Chakula na malazi

Haya nayapita haraka kwa sababu dawa ni moja: usipike. Jiko, mtungi wa gesi, sufuria na maji ya kupikia vilikula karibu kilo mbili ili nipate chai na wali wa usiku mmoja. Sasa nabeba mihogo iliyochemshwa, chapati, karanga, dagaa waliokaangwa wakakauka, ndizi mbivu za Mahembe. Mgebuka (samaki wa ziwa hili) wa kuchoma ni mtamu, ila uliwe jioni ile ile, na mifupa uirudishe ndani ya mfuko. Chai naiwazia tu.

Hema gawaneni: mmoja abebe kitambaa, mwingine vyuma na kamba. Kiangazi unaweza kuacha hema kabisa, ukalala chini ya turubai jepesi na chandarua. Baridi ipime kabla ya kubeba blanketi la msiba: joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo juu ni kama nyuzi 4 au 5 chini ya unayoisikia mjini. Shuka la Kimasai, sweta na soksi vimenitosha Julai. Mwenzangu mwembamba havikumtosha, wewe ujijue.

"Begi jepesi, na bado magoti yanalia nikishuka"

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda, na mchanga mkavu wa kiangazi unateleza kama umemwagiwa mtama. Kata fimbo mbili, au omba kijijini, ufupishe hatua, na ukaze mkanda wa kiuno upya kabla ya kuanza kushuka kwa sababu sasa maji yameisha na begi limelegea. Mguu wa stendi usiufanye mkongojo. Nimevunja mmoja hivyo, na fundi alinitoza karibu bei ya stendi ya mtumba.

"Nimepunguza, sasa nateseka"

Dalili hii nayo ipo. Umeacha chandarua ukaokoa gramu 300, ukarudi na malaria. Kigoma si mahali pa kufanya mzaha huo. Umeacha tochi ya kichwani ukitegemea simu, saa saba usiku simu imezima na kilima kina makorongo. Umeacha mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera kwa kuwa ni Oktoba, na mvua haikusoma kalenda. Hivyo vitatu, pamoja na bandeji na dawa ya maumivu, sivigusi hata nikitaka kushindana na nani.

Umande nao huwafanya watu waongeze vitu. Alfajiri lenzi inatoka jasho, wanadhani wanahitaji kifaa. Acha kofia ya lenzi (ile ya kukinga mwanga wa pembeni, si kifuniko) ikiwa imevaliwa, kamera iangalie chini ukiwa hupigi, ifunike kwa kitenge. Ikishalowa, pangusa taratibu kwa kitambaa kikavu kisha uifunike tena. Usiipulizie kwa mdomo, unaongeza maji.

Begi langu la sasa, siku ya taa za dagaa, linasoma kilo 13 na gramu 400: vifaa vya picha 3.3, maji 3, hema nusu yangu 1.5, shuka na godoro la sponji 1.4, chakula 1, begi tupu 2, nguo na mengineyo 1.2. Safari ya kwanza nalo nilipanda nikipiga mluzi. Nilifika nusu saa kabla ya jua kuzama, nikasimamisha stendi, nikajaza kiroba mawe, nikawasha kamera. Ikaandika kwamba hakuna kadi. Kadi niliiacha imechomekwa kwenye kompyuta, mjini. Ina gramu 2 hivi.

Taa za ziwani usiku ule zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuziona. Nilizipiga kwa simu, zikatoka kama unga uliomwagika sakafuni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi cherehani, akanishonea kijifuko kwenye mkanda wa kamera, na kadi ya akiba inaishi humo.